Uzi: Njia za kuainisha ardhi kiikolojia kwa ajili ya kupanga matumizi – ipi inafaa, na unaipimaje?

#1 Tifutifu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa mpango wa matumizi ya ardhi ukianza, watu hugawanyika haraka. Mmoja anatetea kanda za ikolojia, mwingine anasema picha za setilaiti zimemaliza kazi, wa tatu anakuja na madaraja ya uwezo wa ardhi aliyokaririshwa chuoni. Wanabishana wee mpaka jioni, na hakuna aliyeuliza ramani ile ilichorwa ijibu swali gani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kuupasua aupasue: njia ya kuainisha ardhi inapimwa kwa uamuzi unaotaka kuufanya nayo, basi. Ramani yenye usahihi wa asilimia 90 na ushei inaweza isimsaidie mpangaji hata chembe, na nyingine iliyochorwa kwa mkono kutoka picha za ndege za zamani ikamwokoa.

Niwapitishe kwenye njia zenyewe. Penye wepesi nitakimbia.

Kuna wanaoanzia juu, kwenye tabianchi. Holdridge, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alitoa mpango wake mwaka 1947: joto, mvua ya mwaka, na uwiano wa uvukizi kwa mvua. Ukishapata hivyo vitatu unajua eneo liko ukanda gani wa uhai. Bailey wa Marekani naye mwaka 1976 alishuka ngazi kwa ngazi, kutoka tabianchi ya eneo kubwa hadi maeneo madogo zaidi. Kwa kulinganisha nchi na nchi hawana mpinzani. Lakini mtazame Holdridge kwa karibu: anachukua mvua ya mwaka mzima. Milimita 1,000 zilizomwagika ndani ya miezi mitatu, na milimita 1,000 zilizogawanyika misimu miwili, joto likiwa sawa zinaingia kisanduku kimoja. Kamwambie mkulima kwamba sehemu hizo mbili ni sawa, uone atakavyokuangalia.

Kuna wanaoanzia chini, kwenye sura ya nchi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, sifichi. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha kwamba udongo haubadiliki ovyo, unafuata mteremko. Mpangilio huo akauita katena. Juu kabisa unakuta udongo mfupi, mawe na changarawe. Ukishuka kidogo unakuta mwekundu wenye kina, maji yanapita bila shida. Karibu na chini rangi inafifia, unakuwa wa kijivu na kichanga kwa sababu maji yamekuwa yakiuosha miaka nenda rudi. Bondeni ni mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unanasa trekta. Mita mia kadhaa tu, udongo wa aina nne, na mpangilio uleule unajirudia kilima baada ya kilima. Kuanzia 1946, Christian na Stewart walipokuwa wakipima kaskazini mwa Australia, walitumia wazo la ukoo huohuo: "mfumo wa ardhi", yaani eneo ambalo ndani yake sura ya nchi, udongo na uoto vinajirudia kwa mpangilio mmoja.

Kuna wanaopanga kwa uwezo. Idara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha mfumo wake mwaka 1961: madaraja manane, manne ya kwanza yanalimika, yaliyobaki uyaachie malisho, misitu na wanyama. Herufi ndogo pembeni inakwambia tatizo ni nini: mmomonyoko, maji kutuama, udongo wenyewe, au hali ya hewa.

Halafu FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1976 wakageuza swali. Wakasema usiulize ardhi hii ni nzuri kiasi gani, uliza inafaa kwa matumizi yapi, kwa gharama gani, na kama itaendelea kufaa bila kuharibika. Ndipo zikaja S1 (inafaa sana), S2 (inafaa kiasi), S3 (inafaa kwa shida) na N (haifai). Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika kazi hii, maana daraja sasa linatokana na kukutanisha ardhi na matumizi. Ardhi ileile ni N kwa viazi na S1 kwa mpunga.

Zimebaki ramani za ufunikaji wa ardhi kutoka angani (wapi msitu, wapi shamba, wapi majani), na makundi yanayopangwa na kompyuta. Hizo nawaachia wenye nazo, najua hawako mbali.

Naomba kuwasilisha.

#2 JichoLaAnga

Mkuu Tifutifu, uzi mzito, heshima yako. Ila umetuweka mkiani kusudi, usifikiri hatujaona.

Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2 imeanza kuruka 2015, pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 na inarudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku chache. Ramani ya dunia nzima ya WorldCover ya mwaka 2020 ina madaraja 11 kwa mita 10 na unaipakua ukiwa umelala kitandani. Nani leo ana muda wa kuchimba mashimo ya udongo wilaya nzima? Tena sisi kazi yetu tunaipima. Tuna jedwali la mkanganyiko (ramani inasema nini, uwanjani kuna nini), tuna asilimia ya usahihi, tuna kapa, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya kubahatisha. Wachora mistari kwa mkono wana nini cha kuonyesha zaidi ya "mimi ni mtaalamu, niaminini"?

#3 Tifutifu

Nilikuwa nakusubiri wewe, Jicho.

Kwanza, kinachoonekana toka juu ni kilichoifunika ardhi leo. Mahindi yaliyopandwa juu ya mteremko wenye udongo wa kiganja kimoja na mahindi yaliyopandwa kwenye udongo mwekundu wa mita mbili, kwako yote ni "shamba". Upande wa pili, udongo mmoja unaweza kuwa shamba mwaka huu, nyika mwaka ujao baada ya kulala, na jivu moto ukipita. Mpangaji anapanga kwa miaka 10 au 20, na anachohitaji kujua ni kile kitakachobaki pale mimea ikishaondolewa. Ufunikaji unamwambia watu wanafanya nini sasa. Hiyo ni taarifa nzuri na lazima awe nayo. Ila asiichukue kama jibu la wapi pangefaa nini.

Pili, hiyo asilimia yako. Tuifungue hapahapa mbele ya watu. Chukua pointi 1,000 za kuhakiki, ambapo 20 ni ardhioevu. Ramani yako imezipata 5, nyingine 15 imeziita majani. Kwenye pointi 980 zilizobaki imekosea 10 tu. Jumla ya sahihi ni 975. Asilimia 97.5! Unaandika kwenye ripoti, watu wanapiga makofi. Lakini robo tatu ya ardhioevu imepotea, na huenda mpango mzima ulikuwa wa kuamua wapi pasijengwe kwa sababu ya mafuriko. Namba kubwa ile imetengenezwa na madaraja ambayo hakuna aliyekuwa na wasiwasi nayo.

Kuhusu kapa: Cohen aliileta 1960 kwa ajili ya kupima kama watu wawili wanaoweka vitu kwenye makundi wanakubaliana, nasi tukaiazima. Pontius na Millones mwaka 2011 waliandika waziwazi kwamba tuizike. Wakapendekeza utenganishe makosa mawili: umekosea kiasi (ardhioevu umeifanya ndogo kuliko ilivyo) au umekosea mahali (kiasi kiko sawa ila umekiweka pengine). Kwa mpangaji haya ni magonjwa tofauti kabisa. Anayekadiria maji ya bonde zima anaumizwa na la kwanza. Anayegawa viwanja anaumizwa na la pili.

Kwa hiyo ukija na asilimia, njoo na safu ya kila daraja. Ngapi umeziacha, ngapi umeziingiza zisizohusika.

#4 Mama Kontua

Wanangu, mnabishana vizuri, ila wote wawili mmeruka jambo ambalo linaua mipango mingi kuliko hayo yote. Skeli.

Wachoraji wengi hufuata kanuni kwamba kipande kidogo kabisa kinachosomeka kwenye ramani ni robo ya sentimita ya mraba, yaani nusu sentimita kwa nusu sentimita. Sasa pigeni hesabu. Kwenye 1:25,000 hicho ni kama hekta moja na nusu. Kwenye 1:50,000 ni hekta 6.25. Kwenye 1:250,000 nusu sentimita ni kilomita moja na robo, kwa hiyo kipande kidogo kabisa ni hekta 156. Ile katena ya Tifutifu, kutoka kileleni hadi bondeni, yote inazama ndani ya kipande kimoja na bado nafasi inabaki.

Ndiyo maana ramani ya mifumo ya ardhi inakwambia ndani ya kizio hiki, yaani eneo moja lililozungushiwa mpaka kwenye ramani, kuna asilimia fulani ya vilele, fulani ya miteremko, fulani ya mabonde, lakini haikwambii bonde lenyewe liko wapi. Hiyo inatosha ukiwa unaamua mkoa upi upewe pesa za skimu ya umwagiliaji. Haitoshi ukiwa unamwonyesha mtu mpaka wa shamba lake. Nimeona watu wakichukua ramani ya 1:250,000, wakaikuza kwenye kompyuta mpaka mstari ukawa mnene kama barabara, halafu wakabishana mstari umepita upande gani wa nyumba. Kukuza hakuongezi taarifa. Na mstari wenyewe, unene wa nusu milimita, kwenye skeli hiyo ni mita 125 ardhini.

Tena Jicho, mwanangu, pikseli ya mita 10 haikuokoi hapo. Ufunikaji uko mita 10, sawa, lakini udongo na mvua ulivyochanganya navyo umevitoa wapi? Mara nyingi tabaka la udongo limetoka ramani ya skeli ndogo sana, likakatwa vipande vya mita 10 ili vilingane. Matokeo yanaonekana makali kama wembe, ila yana ubora wa tabaka lililo duni kuliko yote.

Na niongeze kuhusu yale madaraja manane ya 1961. Yalibuniwa kulinda udongo mashambani, na kwa kazi hiyo yalisaidia sana. Lakini kilimo cha jembe ndicho kimekaa kileleni, na kila kisicholimika kinashushwa chini. Ardhioevu, miamba na fukwe, ukiitumia ngazi hiyo kama ngazi ya thamani, vinasomeka kama ardhi ya hovyo. Mpangaji asiyejua historia anaona daraja la VIII anasema "hapa tupaweke dampo", kumbe ndipo maji ya wilaya nzima yanapochujwa. Mfumo unajibu swali la nani alime wapi bila kumomonyoa. Ukiuliza swali jingine utapewa jibu la lile la kwanza.

#5 Nusu_Hekta

Nimevuta kiti. Mama Kontua akianza kuongea mimi nanyamaza, naandika.

#6 MgeniKidogo

Shikamoo Mama Kontua, na nyie wakubwa wengine. Mimi bado mwanafunzi, naomba nisipigwe mawe.

Tulivyofundishwa kwenye GIS (kazi ya ramani kwa kompyuta): unachukua tabaka la mteremko, kina cha udongo, umbali wa maji, mvua. Kila tabaka unalipa alama 1 hadi 5. Kisha unajumlisha au unazidisha kwa uzito, eneo lenye alama nyingi ndilo linalofaa. Mbona sijaona mtu akiitaja hiyo njia? Au ndiyo imepitwa?

#7 Mama Kontua

Marahaba mwanangu. Haijapitwa, inatumika kila siku, ndiyo shida yenyewe.

Kuweka tabaka juu ya tabaka kulipata umaarufu kupitia McHarg, msanifu wa mandhari, mwaka 1969. Yeye alitumia karatasi angavu zilizotiwa rangi: penye giza zaidi pana vikwazo zaidi. Kompyuta zilipokuja, rangi zikageuka namba. Mwaka 1977 Hopkins akakaa akazilinganisha njia hizi moja baada ya nyingine na akaonyesha tatizo ambalo mpaka leo watu wanalipita kama hawajaliona: alama 1 hadi 5 ni mpangilio tu, nne ni zaidi ya tatu, basi. Haisemi zaidi kwa kiasi gani. Na hatua moja ya mteremko si kitu kimoja na hatua moja ya mvua. Ukizijumlisha unapata namba isiyo na maana ya kitu chochote.

Jaribu hii. Mteremko alama 1, maana ni genge. Kina cha udongo 5, maji 5, mvua 5. Jumla 16 kati ya 20. Kompyuta inakwambia panafaa sana kulima, na wewe unatakiwa upeleke jembe kwenye genge. Mvua nzuri haiwezi kulipia deni la mteremko.

Ndiyo maana wanaofuata FAO mara nyingi huacha kikwazo kikubwa kiamue: daraja la eneo ni daraja la sifa yake mbovu kuliko zote. Nayo ina ukali wake. Sehemu yenye kasoro moja ya wastani inalingana na yenye kasoro tano za wastani, wakati mkulima ataona tofauti mchana kweupe. Ninachokushauri ni hiki: vikwazo visivyolipika viondoe kwanza kabisa kwa ndiyo au hapana, kisha vile vinavyoweza kulipiana, kama rutuba na umbali wa barabara, ndivyo uvipimie uzito. Na uzito ule uubadilishe kidogo uone ramani inatikisika kiasi gani. Ukipandisha uzito mmoja kidogo tu na nusu ya eneo linahama daraja, hiyo ramani usimpe mtu.

#8 JichoLaAnga

Sawa, kwenye asilimia mmenibana, nimekubali safu za kila daraja. Ila mnanikwepa kwenye hoja ya pili: nani anasema mipaka yenu ni ya kweli? Bailey na Omernik, wote Marekani, wote wanaheshimika. Omernik alichapisha ramani yake 1987 akiwa na maeneo 76 kwenye majimbo 48, akichanganya matumizi ya ardhi, sura ya nchi, uoto na udongo kwa macho ya mtaalamu. Bailey anatanguliza tabianchi. Ukiweka ramani hizo mbili moja juu ya nyingine mistari haikutani. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi.

Ndiyo maana napenda kompyuta ipange makundi yenyewe. Unaipa tabaka 20 za tabianchi, udongo na mwinuko, inakutafutia makundi yanayofanana. Mtu mwingine akirudia kwa data zilezile anapata kilekile. Hiyo ndiyo sayansi.

#9 Tifutifu

Hapo Jicho umegusa penyewe, na nakupa haki yako: kurudika ni sifa kubwa, na ramani za wataalamu wengi hazina. Mtaalamu akistaafu, sababu za mistari yake zinastaafu naye.

Lakini tazama ndani ya hizo tabaka 20. Kwa kawaida ngapi ni za mvua? Mvua ya mwaka, ya mwezi mkavu, ya mwezi wenye mvua nyingi, ya robo ya joto, ya robo ya baridi. Karibu zote zinapanda na kushuka pamoja. Kwa kompyuta hizo ni kura tano, na udongo una kura moja. Hakuna aliyetamka kwamba mvua ina thamani mara tano ya udongo, ila ndivyo ilivyoamuliwa. Ongeza kwamba idadi ya makundi umeichagua wewe. Sema 12, unapata 12. Sema 40, unapata 40, na yote yanapendeza. Uamuzi wa mtu haujaondoka, umehamia mahali ambapo hauonekani.

Na kuhusu Bailey na Omernik: kwa nini wote wasiwe sahihi? Kila mmoja anajibu lake. Omernik alikuwa akitafuta mfumo wa kusimamia ubora wa maji ya mito na maziwa, kwa hiyo matumizi ya ardhi lazima yaingie. Ukiwa unataka kujua ardhi ingekuwaje bila mtu, utayatoa.

Sasa swali la maana ni unajuaje mipaka fulani inakusaidia. Kuna kipimo nakipenda, na hakihitaji mashine kubwa. Chukua kitu unachojali ambacho hakikutumika kuchora ramani: mavuno, aina za miti, wadudu wa mtoni, kasi ya mmomonyoko. Pima maeneo mengi. Kisha uliza: maeneo mawili ya kizio kimoja yanafanana kuliko maeneo mawili ya vizio tofauti? Van Sickle na Hughes mwaka 2000 waliiita hiyo nguvu ya uainishaji: wastani wa kufanana ndani, toa wastani wa kufanana kati ya vizio. Ikikaribia sifuri, mistari yako ni mapambo.

Na usiishie hapo, maana maeneo jirani hufanana tu kwa kuwa ni jirani. Chora gridi ya miraba ya kijinga, yenye ukubwa sawa na vizio vyako, isiyojua lolote kuhusu udongo wala mvua, uipitishe kwenye kipimo hichohicho. Ramani ya kitaalamu isipoishinda gridi kwa tofauti ya maana, pesa za wataalamu zimeliwa bure. Mito hasa huaibisha ramani nyingi, kwa sababu kinachoishi mtoni kinategemea sana chini pana mawe au matope, pana kivuli au jua, mambo ambayo kanda ya ikolojia haiyaoni.

#10 MpingaHoja

Wakuu nimesoma mpaka hapa. Nyie wote mnaongea kana kwamba kila kizio cha ardhi kinaishi peke yake. Mnakipa daraja, mnageukia kinachofuata.

Chukueni nyanda kavu za malisho. Eneo kubwa, majani ni ya miezi michache, pembeni kuna kipande kidogo cha bonde lenye unyevu mwaka mzima. Piteni nalo kwenye mfumo wa FAO kizio kwa kizio: nyanda zinapata S3 kwa malisho, bonde linapata S1 kwa bustani ya mboga. Mpango unaandika bonde ni la umwagiliaji. Kwenye karatasi kila kizio kimepata matumizi yake bora. Kiangazi kikifika, mifugo ya nyanda zote haina pa kwenda, kwa hiyo nyanda zile hazina tena hata hiyo S3. Thamani ya hekta nyingi ilikuwa imeshikiliwa na hekta chache, na hakuna safu kwenye jedwali lenu iliyolionyesha hilo.

Msitu wa juu mlimani na chemchemi ya chini, hadithi ni ileile.

Na wanaoishi pale wanajua. Wafugaji na wakulima wana majina yao ya ardhi, na majina hayo hubeba msimu ndani yake: mahali pa kukimbilia kukikauka, mahali pa kupita, mahali ambapo mvua ya kwanza inaotesha. Ramani zenu zina mpaka lakini hazina kalenda.

#11 Mama Kontua

MpingaHoja, leo umekuja na nondo, jina lako limedanganya.

Ni kweli, na FAO wenyewe mwaka 1976 walitaka matumizi yaelezwe kwa kina na zaidi ya moja yalinganishwe. Watu wakachukua madaraja wakaacha maelezo. Ukieleza matumizi kuwa "ufugaji wa kuhama wenye malisho ya masika hapa na ya kiangazi pale", unalazimika kutathmini vizio viwili kama kitu kimoja. Ukiandika "malisho" tu, umeshalipoteza bonde.

Kuhusu majina ya wenyeji, yafanyieni kile kipimo cha Tifutifu cha kufanana ndani na nje. Yapewe nafasi sawa na ramani nyingine yoyote. Msiyaweke kwenye kiambatisho mwishoni mwa ripoti kama heshima ya msiba. Na msiyachukue bila kuuliza ni majina ya nani, maana mchunga ng'ombe na mchimba kisima hawaoni ardhi moja.

Jambo moja tena, tabianchi inabadilika. Kanda zilizofungwa kwenye mvua na joto za miaka 30 iliyopita zitahama, mpango bado uko kabatini. Ndiyo sababu wahifadhi kadhaa wamerudi kwenye vitu visivyohama haraka: mwamba, mwinuko, sura ya nchi. Wao husema linda jukwaa, waigizaji watabadilika. Milne angecheka.

#12 Nusu_Hekta

Swali la mlalahoi: na mistari yenyewe? Huku msitu, huku majani, mstari mwembamba katikati. Mimi kila nikienda porini sijawahi kuuona.

#13 Tifutifu

Hauuoni kwa sababu mara nyingi ni ukanda, si mstari, na upana wake hutofautiana. Mwamba wa chokaa unapokutana na wa graniti, mpaka unaweza kuuruka kwa hatua moja. Mvua inapopungua kidogo kidogo kuelekea bara, mpaka unaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa. Ramani inaichora yote kwa kalamu moja. Mpangaji anapaswa kuandikiwa mpaka upi ni mkali na upi umechorwa kwa sababu ilibidi uchorwe mahali fulani. Kwenye ule wa pili usiweke sheria inayobadilika ghafla, huku ruksa ya kujenga, huku marufuku. Weka ukanda wa kati wenye masharti yake.

#14 MgeniKidogo

Asanteni sana. Kwa hiyo nikipewa njia tatu nichague moja kwa wilaya, naanzia wapi?

#15 Tifutifu

Anza kwa kuandika maamuzi, usifungue kompyuta. Wapi pasijengwe, wapi mifugo ipite, wapi umwagiliaji uende. Kwa kila uamuzi andika kosa lipi linauma zaidi: kuruhusu pasiporuhusika, au kuzuia pasipo na sababu? Kwa mafuriko la kwanza linaua watu. Kwa njia ya mifugo la pili ndilo linaloleta ugomvi. Kisha andika kipande kidogo kabisa utakachokigawa ni hekta ngapi, uangalie hesabu ya Mama Kontua. Hapo njia moja au mbili kati ya tatu zitakuwa zimeshajitoa zenyewe. Zilizobaki zipeleke uwanjani, uzishindanishe na gridi ya kijinga.

Na mara nyingi utaishia na mbili zinazosaidiana: sura ya nchi na udongo kama msingi, ufunikaji wa setilaiti juu yake kuonyesha hali ya sasa. Jicho asijisikie vibaya, kazi anayo.

#16 JichoLaAnga

Sijisikii vibaya, nimeshazoea. Ila kwenye uwanja nina swali la kweli. Daraja adimu kama ile ardhioevu ya asilimia 2, nikitupa pointi kwa bahati nasibu nitapata chache mno za kuhakiki. Nikijaza nyingi pale, natibua takwimu za ramani nzima. Mnafanyaje?

#17 Tifutifu

Gawa pointi kwa madaraja kabla ya kuzitupa. Wengi hufuata kanuni ya vidole ya angalau pointi 50 kila daraja, hata lile dogo kabisa, na ndani ya daraja ndipo bahati nasibu inaingia. Ukija kupiga jumla, kila daraja lipe uzito wa eneo lake halisi kwenye ramani, ndipo ule wingi wa pointi za ardhioevu hautakutibulia hesabu. Olofsson na wenzake mwaka 2014 wameliweka hilo vizuri, pamoja na namna ya kurekebisha hekta za kila daraja kwa makosa uliyoyakuta, na ukiripoti hekta hizo uweke na kiwango cha mashaka.

Na pointi za kuhakiki zikae mbali na zile ulizofundishia kompyuta. Ukichukua pikseli ya jirani na ile uliyofundishia, unaisahihishia mtihani iliouona jana. Tenga kwa maeneo mazima: bonde hili la kufundishia, bonde lile la kuhakiki. Asilimia yako itashuka. Hiyo iliyoshuka ndiyo uiandike.